Jiwe la Inkuba

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, tuliishi Buterere, pembeni mwa mji, katika nyumba ya matofali mabichi ambayo haikuwa yetu. Tulikuwa tumetoka mtaa wa Mutakura asubuhi moja vita ilipotufikia, kila mtu na kile alichoweza kubeba. Mama alibeba godoro. Mimi nilibeba sufuria mbili na begi la shule. Bibi, mama yake mama, alibeba jiwe.

Nililiita jiwe, tena kwa hasira, kwa sababu njia nzima nilikuwa nikifikiria unga tulioacha jikoni. Mwanamke mzima, mwenye mikono miwili yenye nguvu, alikuwa ameacha unga akachukua jiwe. Baba angekuwapo pengine angemwambia kitu. Lakini baba, aliyekuwa fundi wa magari, alikuwa ametoka wiki mbili kabla kwenda kutafuta vipuri mjini na hakuonekana tena. Hatukuambiwa amekufa. Hatukuambiwa lolote.

Jiwe lenyewe lilikuwa na ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, jeusi linaloelekea kijani, nene nyuma na jembamba mbele kama shoka lisilo na mpini. Upande mmoja ulikuwa laini kama sahani iliyotoka kuoshwa. Upande wa pili ulikuwa na mikwaruzo na vibonde, kama jiwe lolote la njiani. Bibi alilifunga katika kipande cha kanga, na kila Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, alilifungua akalipaka mafuta ya mawese kidogo kwa kidole.

Lilitoka kwao, milimani. Bibi alipokuwa msichana, radi, ambayo wao waliiita inkuba, ilipiga boma lao ikaua ndama wawili. Babake alichimba pale ilipopigia akalikuta jiwe hilo. Wazee wa kule walisema inkuba ndiyo inayolirusha, na kwamba nyumba inayolitunza haipigwi tena, kwa kuwa inkuba inatambua kitu chake. Baadaye Bibi alikuja mjini, akaolewa na babu, akasilimu, akawa mtu wa swala tano bila kukosa hata moja. Sikuwahi kumwona akihangaika kati ya mambo hayo mawili. Aliposikia ngurumo alisema bismillahi, kisha akaliweka jiwe kizingitini.

"Jiwe likitoka ndani ya nyumba," aliniambia mara nyingi, "inkuba itakuja kulitafuta. Itakuja na hasira. Umesikia, Zena?"

Nilikuwa nimesikia.

Shule ilikuwa imefungwa, basi nilimfuata mama kazini. Alibeba matofali kwenye shimo moja kubwa nje kidogo ya mashamba ya mpunga. Siku hizo wafyatua matofali walikuwa na kazi kuliko watu wote. Kila mtaa ulioungua ulihitaji kujengwa upya, na kila uliojengwa ulionekana kama unangoja zamu nyingine, kwa hiyo shimo halikuacha kupanuka. Wanaume walichimba udongo, wengine waliukanyaga, wanawake walibeba. Hakuna aliyezungumza sana. Ninapokumbuka watu wa miaka ile nakumbuka kwanza migongo yao.

Kila Jumanne alikuja Madamu Gloriose.

Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, anakaa mtaa wa Nyakabiga, mwanamke mrefu wa miaka arobaini hivi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Kabla ya vita alikuwa ameanza kuchunguza mabaki ya kale mahali pale pamoja na wageni kutoka Ulaya. Milio ya kwanza ya bunduki ilipoanza wageni walipanda ndege. Yeye alibaki na chekeche, brashi mbili, kamba na daftari. Chuo kilikuwa hakifundishi siku zile, kila wiki kikifunguliwa na kufungwa tena, lakini yeye alikuja.

Wafyatua matofali walimwona kama mtu aliyechanganyikiwa na vita, na wakamwachia kona yake. Mimi nilikwenda kukaa naye kwa sababu alikuwa mtu mzima pekee aliyejibu maswali. Alinionyesha ukuta wa shimo. Juu ulikuwa udongo wa mfinyanzi, ule wa matofali. Chini yake, unene wa shubiri moja, palikuwa na mchanga na kokoto za mviringo.

"Unajua hii ni nini?" aliniuliza.

"Kokoto."

"Ni ufuo. Ziwa ilifika mpaka hapa. Zamani sana, mbele ya mufalme wa kwanza, mbele ya jina yoyote tunajua. Watu walikaa hapa, kando ya maji, wanatengeneza vyombo vya mawe."

Ziwa Tanganyika lilikuwa mbali na pale, mwendo ambao miguu yangu isingeufurahia. Niliutazama ule mstari wa mchanga nikajaribu kuweka maji juu yake. Madamu aliniwekea kiganjani vibanzi vidogo vya jiwe jeupe, vyembamba kama makombo ya sabuni, vikali ukivigusa pembeni. Alisema mtu alivibandua kwa kugonga jiwe juu ya jiwe. Mimi niliona makombo tu, lakini niliona pia uso wake ulivyobadilika alipovishika, na sikuwa nimeona uso wa mtu mzima ukibadilika hivyo kwa muda mrefu.

Shida yake ilikuwa moja. Shimo lilikuwa likimfuata. Kila Jumanne alikuta ukuta aliouchora wiki iliyopita umeshakuwa matofali. Alikwenda kwenye ofisi moja ya serikali kuomba kipande kidogo tu kiachwe, urefu wa nyumba moja, na pale walimwuliza amepata nini. Akawaonyesha vibanzi. Wakamcheka.

"Nikipata moja mzima," alisema siku moja, amekaa chini na miguu imenyooshwa mbele kama mtoto, "shoka mzima, kitu mutu anaona kwa macho yake anasema eeh, hii ni kazi ya mikono. Moja tu. Hapo watanisikiliza."

Sijui kama alikuwa akiniambia mimi. Nadhani alikuwa akiongea na uchovu wake. Lakini mimi nilimsikia, na Jumanne iliyofuata nilifungua kanga ya Bibi, nikaweka nusu tofali mahali pa jiwe, nikaifunga tena kama ilivyokuwa.

Madamu alilipokea kwa mikono miwili. Aliligeuza, akalipima, akalipuliza.

"Ulitoa wapi hii jiwe?"

"Kule kwa shimo. Kwa mchanga."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, Madamu."

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza wenye uzito, na ulitoka mdomoni bila shida yoyote. Alinishika kichwa. Alisema atalichukua kwake Nyakabiga alichore, awapelekee wale wa ofisini, kisha Jumanne arudi nalo. Nilihesabu siku saba. Kati yake kulikuwa na Alhamisi moja, siku ya mawese, nami nilijiambia nitamwambia Bibi nimelipaka mwenyewe. Na kweli nilimwambia hivyo, akanishukuru. Shukrani ile ndiyo iliyonikosesha raha kwanza.

Jumanne Madamu hakuja. Usiku wa Jumamosi palikuwa na mapigano mtaa wa Kamenge, na Jumatatu vijana wakafunga barabara zote za kaskazini kwa magurudumu na mawe. Mtu wa Nyakabiga hakuwa na njia salama ya kuja kwetu, wala sisi ya kwenda kwao. Watu wa mji huu hawahitaji kuelezwa kwa nini. Kila mtu alijua mtaa wake unasomwa na wengine kuwa wa kabila gani, hata kabla hajafungua mdomo kusema jina lake.

Jumatano mchana mawingu yalijikusanya juu ya milima ya Congo, ng'ambo ya ziwa, yakaanza kuja. Mama alikuwa amekaa ndani karibu na mlango akichambua maharage. Ngurumo ya kwanza iliposikika Bibi alisema bismillahi, akaingia chumbani, akatoka na kanga yake. Akachuchumaa kizingitini akaifungua.

Akaiona ile nusu tofali.

Hakupiga kelele. Aliligusa tofali, akaliinua, akatazama chini yake kama vile jiwe lingeweza kuwa limejificha pale.

"Nani amekamata jiwe yangu?"

Mama aliinua kichwa. "Jiwe gani tena, Mama?"

"Zena. Jiwe iko wapi?"

"Mi sijui, Bibi."

Nimelirudia jibu lile kichwani mara nyingi kuliko swala zangu zote. Alinitazama, naye alijua, nina hakika alijua, lakini hapakuwa na muda. Upepo ulikuwa umeanza kuinua vumbi. Alinishika mkono, akamgeukia mama.

"Tutoke. Twende kule kwa tanuru, mpaka mvua ipite. Simama, mwanangu, tutoke."

"Apana," mama alisema. "Mi sitoki."

"Nyumba haina kitu ya kuilinda!"

"Mama, nimechoka. Nimekimbia bunduki. Nimekimbia moto. Na mvua nayo niikimbie? Nendeni nyinyi. Mi nakaa hapa na maharage yangu."

Alisema hivyo bila ukali. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba aachwe alale. Bibi alimvuta mkono mara moja, mara mbili, kisha akaona hawezi kumbeba, na akanivuta mimi. Tulikimbia hadi kwenye banda la tanuru la matofali, tukasimama chini ya paa la nyasi pamoja na wafyatua matofali watatu. Kutoka pale niliiona nyumba yetu vizuri. Niliuona mlango uliokuwa wazi na goti la mama.

Mwanga ulikuja mweupe kabisa. Ule mshindo sikumbuki kama niliusikia. Nakumbuka niliuhisi kwenye meno. Bati moja lilipaa likaanguka mpungani. Wafyatua matofali walilala chini wakidhani ni kombora, na mmoja wao aliendelea kulala hivyo muda mrefu, amefunika kichwa, huku Bibi akiwa ameshafika nusu ya njia, anakimbia kwenye mvua, kanga imemvuka, analiita jina la binti yake.

Mama alikuwa hai. Alikuwa ametupwa hadi ukuta wa pili, mkono wa kushoto umeungua kutoka kiwiko hadi bega, na damu nyembamba ilikuwa ikimtoka katika sikio la upande huohuo. Maharage yalikuwa yametapakaa chumba kizima. Alitutazama tukisema naye, akawa anatazama midomo yetu.

Nilikiri usiku huo, kwa kwikwi, nikiwa nimepiga magoti. Nilisema yote, shimo, shoka, uongo. Nilingoja kupigwa, nilitamani kupigwa. Bibi alikuwa akimpaka mama asali kwenye kidonda. Hakugeuka.

"Lala," alisema. "Kesho utaleta maji."

Baada ya hapo, kwa siku mbili, hakuna aliyelitaja jiwe. Nilileta maji.

Madamu alifika Jumamosi, saa za adhuhuri, kwa miguu. Barabara zilikuwa bado zimefungwa. Viatu vyake alivishika mkononi, na sketi yake ilikuwa na tope hadi magotini kwa kuwa alipita kwenye mashamba ya mpunga ili kukwepa kizuizi cha mwisho. Alibisha hodi. Bibi akamkaribisha, akamtandikia mkeka, na nilipomwona anamtazama yule mgeni nilijua Bibi amemtambua kuwa ndiye niliyemtaja usiku ule.

Madamu hakukaa. Alipiga magoti, akatoa jiwe kikapuni, akamkabidhi Bibi kwa mikono miwili.

"Bibi, nimerudisha kitu yako."

"Nani alikuambia ni yangu?"

"Hakuna mutu aliniambia. Nililiweka juu ya meza nikaanza kulichora, nikasikia harufu. Ni ya mawese. Jiwe ya kutoka kwa mchanga haiwezi kuwa na harufu ya mawese. Nikajua iko na mwenyewe nyumbani kwa huyu mutoto, na mwenyewe anaitafuta." Akanitazama, si kwa ukali. "Hawa wa ofisi, sikuwaonyesha."

Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa alichokuwa akisema. Angeweza kuwaonyesha. Lilikuwa ndilo lile alilolitaka, zima, kitu ambacho mtu anaona kwa macho yake. Hakuna ambaye angejua lilitoka milimani na wala si Buterere, isipokuwa yeye.

Bibi alimuuliza alipitaje. Madamu alicheka kidogo, kicheko kikavu.

"Bariyeri ya pili, vijana walimwaga kikapu. Walitaka karte ya kitambulisho, nikatoa karte, wakasoma nakaa wapi, wakaanza kuongea vibaya. Halafu mumoja akaona jiwe. Anasema iko nini hii? Bibi, mi nimefundisha miaka kumi na tano kama mawe haya hayatoki mbinguni. Nimeandika hata kitabu kidogo cha wanafunzi. Nikafungua mdomo nikamwambia: ni ya inkuba, iguse uone." Alivua miwani, akaifuta kwa ukingo wa blauzi. "Walirudi nyuma wote. Wakanifungulia njia."

Ndipo akamwona mama, aliyekuwa amelala kwenye godoro na mkono umefungwa kitambaa, na bati lililokosekana juu ya kichwa chake. Alimtazama Bibi. Bibi akamweleza kwa maneno machache mno, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Madamu alikaa chini hapo, kwenye sakafu, nje ya mkeka. Niliona anatafuta la kusema, na najua alikuwa nayo maneno ya kitabuni. Nimekuja kuyajifunza mwenyewe baadaye, habari za mabati na uwanda ulio wazi usio na mti mrefu. Hakuyatumia. Alisema pole. Akalirudia.

Bibi alikuwa analigeuza jiwe mikononi.

"We umesoma," alisema. "Niambie. Hii ni ya inkuba ao apana?"

Madamu alilitazama jiwe mikononi mwa Bibi.

"Mi najua ni mutu aliitengeneza, Bibi. Alikaa kando ya maji, akaisugua juu ya jiwe ingine na mchanga. Siku nyingi. Pengine mwezi mzima."

"Mutu."

"Mutu kama sisi."

Nilidhani Bibi amekasirika. Kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya upande ule laini, taratibu, kama alivyokipitisha kila Alhamisi ya maisha yake, kikafika pale ulaini unapokoma na mikwaruzo inapoanza. Kikasimama.

"Na huku? Mbona huku hakusugua?"

"Hatujui. Aliacha bila kumaliza."

"Mwezi mzima wa kazi, halafu aache?" Bibi alitikisa kichwa. "Hakuacha huyu. Alikimbia."

Nje wafyatua matofali walikuwa wakiendelea na kazi, na udongo ulisikika ukipigwa ndani ya vibao vya kufyatulia. Madamu alitoa daftari lake, akafungua ukurasa, kalamu ikakaa juu ya karatasi, lakini sikuona akiandika.

Alikula nasi. Alipoondoka Bibi alimsindikiza hadi mpungani, nami nikiwa nyuma yao. Walipoagana Bibi alimshika kiwiko akasema, "Pita na Mungu, binti yangu." Madamu hakurudi tena shimoni. Mwaka uliofuata nilisikia amepata njia ya kwenda nje. Ule ukuta wa mchanga ulikwisha wote katika majira mawili ya kiangazi. Upo mjini, ndani ya kuta za watu ambao hawajui wamejengewa kwa ufuo wa kale.

Bibi aliendelea kulipaka jiwe mawese hadi alipofariki. Niliwahi kumuuliza kwa nini, ikiwa amekubali kwamba ni kazi ya mtu. Alinijibu kwamba hakuambiwa inkuba haikulirusha. Aliambiwa nani alilisugua. Sasa mimi ni mwalimu, nafundisha sayansi, naweza kumweleza mtoto yeyote radi ni nini. Nikifika mwisho wa maelezo yangu huwa bado kuna kitu kimebaki ambacho sijakigusa, nami nakipita.

Nilichokibeba mimi hakikuwa jiwe. Lilikuwa lile "sijui" langu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ningesema ukweli pale kizingitini, Bibi angepata nguvu ya kumvuta mama, au mama angesimama ili anipige, na kule kusimama kungemtoa ndani. Vita ilikwisha, au tuliambiwa imekwisha. Nikaolewa, nikazaa. Siku moja nilimtembelea mama, nikakaa upande wake wa kulia, ule unaosikia, nikamwomba msamaha kwa ajili ya sikio la kushoto.

Alinitazama kama niliyemkumbusha kitu alichokuwa amekisahau.

"Hili?" Aliligusa. "We Zena, hukujua? Tangu tutoke Mutakura nilikuwa silali. Kila risasi naisikia, kila mbwa, kila hatua ya mutu inje. Siku zile zote nilikuwa nalala kama sungura. Baada ya ile radi nikajifunza: ninalalia sikio nzuri, hii mbovu inabaki juu. Sisikii kitu. Bibi yako ndiye alikuwa anakesha, ananiamusha kama kuna kukimbia." Akaligusa tena. "Ile ndiyo ilinipa usingizi. Kama si ile, ningekuwa wazimu."

Kisha akaniuliza kama watoto wamekula.

Sikujua nifanye nini na jibu lile, na mpaka leo sijui vizuri. Nilikuwa nimekwenda kutafuta msamaha nikakuta hakuna deni, bali kuna uchovu mkubwa kiasi kwamba hata radi ilipokelewa kama mapumziko. Nilibaki pale hadi mama aliposinzia kitini. Alilaza kichwa upande wa kulia, sikio zima likiwa chini, taratibu, kwa mazoea, na nikamwona akiondoka kwenda usingizini.